Mlango Uko Wazi, Deni Liko Palepale

Tarehe 13 Septemba 2024, Papa Francis alikutana na vijana wa dini mbalimbali katika chuo kimoja cha Kikatoliki nchini Singapore. Aliiweka kando hotuba iliyoandaliwa, akazungumza nao kwa maneno yake mwenyewe. Aliwaambia kwamba Mungu ni mmoja tu, na kwamba dini zetu ni kama lugha, au njia, ambazo wanadamu huzitumia kumwendea. Alipotaka kutoa mifano, wa kwanza kumtaja alikuwa Singasinga. Wakafuata Mwislamu, Mhindu na Mkristo.

Maneno hayo yalizua mtafaruku ndani ya Kanisa lake. Askofu Mkuu mstaafu Charles Chaput wa Philadelphia, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliojitokeza kuyapinga kwa maandishi. Hoja ya wapinzani ilikuwa rahisi kueleweka: ikiwa kila njia humfikisha mtu kwa Mungu, Kristo alisulubiwa kwa ajili gani, na wamisionari walivuka bahari kutafuta nini? Waliomtetea Papa walijibu kwamba yale hayakuwa tamko la mafundisho, bali lugha ya mchungaji mbele ya vijana. Kwa majuma kadhaa Wakatoliki walijadiliana wao kwa wao kuhusu hatima ya watu wengine, na ni nadra mtu kumgeukia huyo Singasinga aliyetajwa wa kwanza na kumwuliza: wewe mwenyewe unaonaje?

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo linalonishughulisha leo. Naliuliza nikiwa Mkatoliki, niliyefundishwa katekisimu utotoni na ninayesali katika parokia hadi leo. Naliuliza pia nikiwa mwalimu wa vijana ambao kesho watakuwa makatibu tawala, mahakimu na wanaharakati katika nchi yenye dini nyingi. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanateolojia. Sivyo. Mnamo Oktoba 2012, huko Mbagala, wilayani Temeke, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto. Mnamo Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mgogoro kuhusu nani ana haki ya kuchinja mnyama wa kitoweo uligharimu uhai wa mchungaji mmoja. Katika matukio hayo mawili, swali la nani yuko ndani na nani yuko nje lilitoka mimbarini likaingia mtaani na buchani.

Masingasinga ni watu tunaowaona kuliko tunavyowajua. Kwa Mtanzania wa kawaida, Singasinga ni kilemba, ndevu, gereji, karakana ya seremala au kampuni ya ujenzi. Majirani zetu wa Kenya huwaita Makalasinga, na watu wazima wa huko hawajamsahau Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mababu zao wengi walikuja na reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, kazi iliyoleta zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 kutoka Bara Hindi, hasa Punjab. Tumepanda magari waliyoyatengeneza na kulala chini ya mapaa waliyoyapaua. Imani yao hatukuiuliza.

Hapa Mbweni, si mbali na Mto Mpiji unaoitenganisha Dar es Salaam na Bagamoyo, nina jirani wa Kisingasinga, mzee aliyekuwa mkandarasi. Kiswahili chake ni cha Moshi alikozaliwa. Katika wiki ya msiba wa Papa Francis, Aprili 2025, nilimsimulia habari ya Singapore nikamwomba maoni yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Papa alisema maneno mazuri, Mwalimu. Mungu amrehemu. Lakini nami nikuulize. Mtu akikwambia amekuruhusu kuingia nyumbani kwa baba yako, utamshukuru au utacheka?”

Nilimwambia, “Mzee, inategemea aliyesema ni nani.”

“Basi mimi nimefanya yote mawili,” akajibu. “Nimeshukuru, maana alisema kwa upendo. Nimecheka, maana mlango ule hatukuwahi kuukuta umefungwa.”

Katika jibu hilo fupi umo msimamo mzima wa Kisikh kuhusu uongozi wa Kikatoliki, na unastahili kufunuliwa hatua kwa hatua. Tuanze na mlango wenyewe na jinsi ulivyofungwa.

Tangu karne ya 3, enzi za Mtakatifu Cyprian wa Karthago, Kanisa limekuwa na fundisho kwamba nje yake hakuna wokovu. Hapo mwanzo maneno hayo yaliwalenga Wakristo waliojitenga, si watu wa dini za mbali. Karne zilivyopita yalizidi kukazwa. Mwaka 1302 Papa Boniface VIII alitamka kwamba kumtii Papa ni sharti la wokovu kwa kila kiumbe mwanadamu. Mwaka 1442 Mtaguso wa Florence ukawahesabu wapagani na Wayahudi miongoni mwa watakaoangamia iwapo hawataungana na Kanisa kabla ya kufa. Guru Nanak, mwasisi wa imani ya Kisikh, alizaliwa mwaka 1469, miaka 27 baada ya tamko hilo. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandishi ya Roma ya wakati ule, Usikhi ulizaliwa ukiwa tayari umehukumiwa na watu wasioujua.

Mageuzi yalikuja na Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1964 hati kuhusu Kanisa ilifundisha kwamba wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu bila kosa lao la kutomjua Kristo wanaweza kuokoka. Tarehe 28 Oktoba 1965 ikatoka hati kuhusu dini zisizo za Kikristo, ikiwataja kwa heshima Wahindu, Wabudha, Waislamu na Wayahudi. Masingasinga hawakutajwa kwa jina. Ndiyo maana mfano wa Singapore, hata kama Papa aliutoa kwa kupita tu, una uzito wake: baada ya karibu miaka 60, watu waliokuwa ndani ya neno “wengineo” walitajwa, tena mwanzoni mwa orodha.

Safari hiyo haikwenda mbele moja kwa moja. Mwezi Machi 2000, Papa John Paul II aliomba hadharani msamaha wa Mungu kwa dhambi za wana wa Kanisa, zikiwamo zile zilizotendwa dhidi ya wafuasi wa dini nyingine. Agosti ya mwaka huohuo ikatiwa saini hati iliyosema kwamba wafuasi wa dini nyingine wanaweza kupokea neema, lakini hali yao ina upungufu mkubwa ukilinganisha na hali ya walio ndani ya Kanisa. Aliyeisimamia alikuwa Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye mwaka 2005 alichaguliwa kuwa Papa Benedict XVI.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoingia katika simulizi. Mwaka 2012, Papa huyohuyo Benedict XVI alimtunukia nishani ya Mtakatifu Gregori Mkuu Singasinga mmoja mzaliwa wa Uganda, Bhai Sahib Mohinder Singh. Huyu ni mhandisi wa ujenzi aliyewahi kufanya kazi Zambia, na baadaye akawa kiongozi wa jumuiya ya kidini yenye makao Birmingham, Uingereza, ambayo mizizi yake inarudi hadi Kericho, Kenya, alikoishi mwasisi wake, Puran Singh. Jumuiya hiyo ndiyo iliyowalisha maelfu ya wajumbe wa mkutano wa dini za dunia mjini Barcelona mwaka 2004, bila kumwuliza yeyote dini yake. Mohinder Singh alikuwa pia mstari wa mbele kuandaa hati ya kimataifa kuhusu msamaha na upatanisho. Kwa hiyo mkono uliotia saini kwamba hali ya Singasinga ina upungufu ndio uliomheshimu Singasinga kwa kazi ya kiroho. Wapo watakaouita huo unafiki. Mimi nauona kama ushahidi kwamba matendo ya mtu mwema huweza kumfikisha kiongozi mahali ambapo hati zake bado hazijafika. Na Mohinder Singh aliipokea nishani hiyo bila kudai kwanza hati ibadilishwe.

Aliwezaje? Jibu limo katika imani yake. Kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Guru Granth Sahib, kilikusanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1604 na Guru wa tano, Arjan. Ndani yake hamna maneno ya Maguru peke yao. Yamo maneno ya Sheikh Farid, Mwislamu wa tarika ya Kisufi. Yamo ya Kabir, mfumaji aliyekataa kuwa mali ya Wahindu au ya Waislamu. Yamo ya Ravidas, fundi wa ngozi wa tabaka lililodharauliwa. Singasinga anapokiinamia kitabu hicho anayainamia pia maneno ya watu ambao hawakuwa Masingasinga. Hekalu lao kuu la Amritsar lina milango pande zote nne. Na mwaka 1675 Guru wa tisa, Tegh Bahadur, alikatwa kichwa mjini Delhi kwa amri ya utawala wa Kimughal. Mapokeo yao yanasema alisimama kutetea haki ya Wahindu wa Kashmir kubaki katika dini yao, dini ambayo haikuwa yake. Wafia dini tunawajua wengi. Mtu aliyekufa ili jirani yake abaki na dini ya jirani ni nadra.

Hata hivyo, haki inataka tuseme upande wa pili. Masingasinga nao wana mipaka. Tangu mwaka 1699 wanayo Khalsa, jumuiya ya waliobatizwa kwa utaratibu wao, wenye alama tano za mwilini. Kanuni zao za maisha zilizopitishwa mwaka 1945 zinasema wazi kwamba Singasinga ni yule asiyefuata dini nyingine. Tabaka, ambalo Maguru walilikemea, limeendelea kuonekana hata katika majina ya baadhi ya mahekalu yao ya Afrika Mashariki. Na Mwafrika aliyekaribishwa chakula hekaluni hakuwa rahisi kukaribishwa kuoa katika ukoo. Nilipomtajia mzee yule jambo hili hakubisha. Alisema, “Guru alifungua milango minne. Sisi tukaweka makufuli matatu.” Basi tofauti kati ya imani hizi mbili haiko katika kuwa na mipaka. Iko katika kile ambacho mpaka unadai. Mpaka wa Kisikh humwambia mtu nani ni mwanajumuiya. Mpaka wa Florence ulidai kumwambia Mungu nani amsamehe.

Tumefika kwenye msamaha, na hapa lugha yetu wenyewe inaweza kutufundisha. Sote tunalijua neno bakshishi: tuzo, zawadi, kitu apewacho mtu bila kukidai. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, na ndugu yake yumo katika lugha ya ibada ya Masingasinga, ambako mzizi huohuo humaanisha kutoa na kusamehe kwa pamoja. Msamaha wa Mungu, kwao, ni bakshishi. Haununuliwi kwa hija, kwa kafara wala kwa ukoo. Mwanadamu husongwa na wezi watano, yaani tamaa ya mwili, hasira, uroho, kushikamana na dunia na majivuno. Jicho la huruma la Mungu likimwangukia, huokoka. Hakuna padri wa kulielekeza jicho hilo, maana Usikhi hauna upadri. Mkatoliki makini atatambua kwamba hata Kanisa lake halifundishi kwamba padri ni mwenye msamaha; hufundisha kwamba ni mhudumu wake. Lakini mhudumu akisimama mlangoni karne nyingi, watu huanza kumdhania kuwa mwenye nyumba.

Ikiwa msamaha ni bakshishi, je, mwizi naye atajichotea tu? Masingasinga wana kisa kuhusu hili. Mapokeo yanasimulia kwamba Guru Nanak alifika katika nyumba ya wageni ya mtu aitwaye Sajjan. Uani kulikuwa na hekalu kwa ajili ya Wahindu na msikiti kwa ajili ya Waislamu, ili kila msafiri ajione yuko kwa mcha Mungu. Usiku ulipoingia, Sajjan aliwaibia wageni wake na kuwaua. Nanak alimkabili kwa wimbo, na jambazi akaanguka miguuni pake akiomba msamaha. Guru hakumwambia kwamba yamekwisha. Alimtaka aungame aliyoyatenda na kuugawa kwa maskini utajiri alioupata kwa wizi. Ndipo nyumba ile ya mauaji ikawa mahali pa ibada na ukarimu.

Mkristo anayesikia kisa hiki lazima amkumbuke Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko katika Injili ya Luka. Zakayo alisimama akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umeifikia nyumba ile. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 nayo inafundisha waziwazi kwamba maondoleo ya dhambi hayafuti madhara yaliyotendwa, na kwamba kilichoibwa sharti kirudishwe. Kumbe Punjab na Yeriko zinakubaliana. Mlango wa msamaha hauna bawabu wa kuuliza dini ya mtu. Lakini anayeingia haachi deni lake barabarani, huingia nalo.

Makubaliano haya, kwa maoni yangu, ni mazito kuliko tofauti zote za teolojia, na ndiyo ambayo viongozi wa dini na wa siasa wanapenda tuyasahau. Tazama Rwanda. Mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo. Katika parokia ya Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga waumini wakiwa ndani, na padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, katika rufaa ya mwaka 2008. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba radhi. Machi 2017 Papa Francis, mbele ya Rais Paul Kagame, alimsihi Mungu asamehe dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake katika mauaji yale. Ilipita miaka 23. Namheshimu Papa kwa kitendo hicho. Lakini Sajjan angetuuliza: baada ya kumwomba Mungu, wenye nyumba walioibiwa tuliwarudishia nini?

Masingasinga wanalijua swali hilo kwa damu yao. Novemba 1984, baada ya Waziri Mkuu Indira Gandhi kuuawa na walinzi wake wa Kisingasinga, makundi ya watu yaliwaua Masingasinga mitaani. Mjini Delhi peke yake hesabu rasmi ni watu 2,733. Agosti 2005, Waziri Mkuu Manmohan Singh aliomba radhi bungeni. Yeye mwenyewe alikuwa Singasinga. Fikiria uzito wake: mtu wa jamii iliyodhulumiwa anaomba radhi kwa niaba ya dola iliyoshindwa kuilinda. Wengi waliguswa, lakini wajane wa Delhi waliendelea kwenda mahakamani. Desemba 2018, baada ya miaka 34, ndipo mwanasiasa mmoja mzito wa chama kilichotawala wakati wa mauaji alipohukumiwa kifungo cha maisha. Wajane wale hawakuwa na chuki kuliko wengine. Walielewa kwamba radhi ni mwanzo wa malipo.

Masingasinga pia wanao utaratibu wa kumrudisha mkosaji, na unawagusa viongozi bila kujali vyeo. Huitwa tankha. Aliyekosa huitwa mbele ya jumuiya, husomewa makosa yake, hukiri, kisha hupewa kazi za mikono: kuosha vyombo, kufuta viatu vya waumini, kusafisha vyoo. Desemba 2024 Akal Takht, kiti chao kikuu cha mamlaka ya kidini huko Amritsar, kilimpa adhabu hiyo Sukhbir Singh Badal, aliyewahi kuwa naibu mkuu wa serikali ya jimbo la Punjab. Alikaa langoni mwa hekalu akiwa katika kiti cha magurudumu, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umevunjika, na kibao kikining’inia shingoni. Siku ya pili ya kazi hiyo mtu alijaribu kumpiga risasi, akamkosa. Badal aliendelea kutumikia adhabu. Miongoni mwa makosa aliyokiri ni kutumia nguvu ya kisiasa ili kiongozi wa dhehebu fulani, aliyetuhumiwa kuikashifu imani yao, apewe msamaha na wakuu wa dini bila kutubu. Naomba hilo lisomwe mara mbili. Dhambi yake mojawapo ilikuwa kujipatia msamaha wa bei rahisi kwa ajili ya mwingine.

Wapo Masingasinga wanaosema tamasha lile nalo lilikuwa siasa. Huenda. Lakini nauliza: ni lini katika nchi yetu tumemwona waziri wa zamani akiosha sufuria za watu aliowakosea? Papa Francis aliwaosha miguu wafungwa vijana mwaka 2013, wakiwamo Waislamu, na dunia ikastaajabu. Ilikuwa ishara nzuri ya mkubwa kumnyenyekea mdogo. Tankha inaongeza jambo moja: mkubwa ananyenyekea kwa sababu amekosa, na kosa linatajwa.

Kwetu mambo huenda kinyume. Kila mtumishi wa umma anayesoma makala haya anaifahamu sura ya yule mheshimiwa ambaye mali yake haina maelezo, anayealikwa kuwa mgeni rasmi katika harambee ya kanisa au ya msikiti, akaketishwa mstari wa mbele na kuombewa dua. Hiyo ndiyo nyumba ya Sajjan: hekalu upande huu, msikiti upande ule, na wasafiri hawajui kilichozikwa chini ya sakafu. Viongozi wetu wa dini, Wakatoliki wakiwamo, wanaojua kwa makini nani asipewe Komunyo kwa sababu ya ndoa, mara chache huuliza bahasha ya mgeni rasmi imetoka wapi.

Dola nayo imejaribu msamaha wa aina yake. Mwaka 2008, baada ya kubainika kwamba Sh bilioni 133 zilichotwa katika akaunti ya EPA ya Benki Kuu, Rais Kikwete aliwapa wahusika hadi 31 Oktoba kurejesha fedha au wafikishwe mahakamani. Fedha kiasi zilirudi, lakini wananchi walipodai majina yatajwe, kilio chao hakikupata jibu la kuridhisha. Hapo palikuwa na malipo bila ungamo. Septemba 2019 Rais Magufuli alitoa fursa kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kulipa ili waachiwe. Watuhumiwa 467 waliandika barua, wakiahidi zaidi ya Sh bilioni 107. Safari hii ungamo lilikuwapo, lakini wengi wao waliungama wakiwa mahabusu kwa mashtaka yasiyo na dhamana. Mtu anayekiri ili atoke gerezani hatujui kama ametubu au amechoka. Sajjan aliungama milango ikiwa wazi.

Ndiyo maana siridhiki na wito wa “yaliyopita si ndwele” unaosikika kila baada ya uchaguzi wenye machungu au kashfa ya fedha. Methali hiyo ina nusu ya pili, “tugange yajayo”, na mganga hagangi jeraha asilolifunua. Wanaoitumia kutunyamazisha hukata nusu hiyo, kama vile wanaonukuu huruma ya Mungu hukata ahadi ya Zakayo.

Huko Makindu, katika barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli. Hadi leo msafiri yeyote, dereva wa lori, mwanafunzi, padri au mpagani, hupewa chakula na mahali pa kulala bila malipo. Chakula hakina nyama, na hilo humwezesha kila mtu kula bila kuuliza nani alichinja. Laiti Buseresere wangekuwa na jiko kama hilo. Watu huketi mistari mmoja, na baada ya kula kuna vyombo vya kuosha, kazi ambayo kila aliyeshiba anaweza kujiunga nayo.

Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, atasema mengi kuhusu dini nyingine, na wanateolojia wataendelea kupima kila neno. Wafanye hivyo, ni kazi yao. Sisi tuliobaki tuna kazi iliyo karibu zaidi. Mwanafunzi anayebishana na mwenzake bwenini kuhusu nani ataona pepo, amwulize kwanza kama kuna kitu anachomdai. Mwanaharakati anayepigania maridhiano, asikubali neno msamaha liingie katika tamko kabla ya orodha ya waliodhulumiwa na watakacholipwa. Mtumishi wa umma mwenye faili la mjane limelala mezani mwaka wa tatu, anaweza kwenda kuungama Jumamosi au kusali Ijumaa, na Mungu ambaye hatuna mamlaka ya kumpangia atampokea. Lakini Jumatatu faili litakuwa bado pale mezani, na mjane atakuwa bado amekaa kwenye benchi nje ya mlango wake.